Mutatosha Nani?

Tulikwenda Hodge Hill kutazama boti.

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba, wakati wa Magharibi, ambao katika mji huu wa Birmingham huingia watu wakiwa bado wanaosha vyombo vya chakula cha mchana. Nasema boti, na nasema Hodge Hill, na ninajua kwamba maneno hayo mawili hayakai pamoja. Hodge Hill haina bahari wala ziwa. Ina nyumba zilizoshikana mbili mbili, safu za gereji nyuma ya nyumba hizo, na mvua.

Jina langu ni Tahlil Sugow Gedi. Maofisa wa nchi hii huniita Bwana Gedi, yaani huniita kwa jina la babu yangu, mtu wa ngamia ambaye hakuwahi kupanga foleni maishani mwake. Nimewasahihisha miaka nenda miaka rudi. Wanatabasamu, wanaomba radhi, kisha wanarudia. Nimekwisha kuwazoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani.

Nilisoma shule ya serikali huko Kenya, Mwingereza alipokuwa bado ndiye mwenye nchi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitucharaza viboko kwa kosa la sarufi, si kwa utundu. Baadaye nikaajiriwa Idara ya Uvuvi, Kisumu, nikakagua boti na mashine za boti hadi nilipostaafu. Ndiyo maana Norbert alinijia.

Norbert ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Sparkhill. Jina lake kamili ni Norbert Wilondja Asukulu. Ni Mkongomani wa Baraka, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na hapa anakata samaki katika duka moja la Stratford Road. Samaki waliogandishwa, anaowadharau, na katika hilo tu tunaelewana. Alikuwa amekata shauri kurudi kwao. Ndugu yake ana nyavu lakini hana chombo. Norbert angenunua boti na mashine hapa, azipakie kwenye kontena, kisha azifuate. Alikuwa amepita miaka hamsini, na nadhani alijua kwamba asiporudi sasa atazikwa katika tope la huku.

Gari la mizigo aliliendesha mwanawe, kijana mkubwa mwenye ndevu, ambaye wanamwita Junior. Junior si jina. Nilimwuliza siku moja jina lake hasa, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni lile lile la baba yake, yote matatu, herufi kwa herufi. Nikamwuliza kwa nini basi halitumii. Akacheka. Vijana waliokulia hapa wanakielewa Kiswahili chote, na wanakijibu kwa kucheka.

Njiani Norbert alinieleza hofu yake. Nilimsikiliza kama unavyosikiliza redio ya nyumba ya pili.

Boti yenyewe ilikuwa nzuri, alikuwa ameziona picha. Lakini bei yake ilikuwa ya kutupa. Mwenye kuiuza ni mjane, Mkongomani mwenzake, anayeitwa Mama Sagesse. Mumewe aliinunua ili aipeleke ziwani, akafa kabla haijaondoka. Hakuugua. Alikutwa tu amekaa. Na kanisani kwao watu walikuwa wananong'ona, kwa sababu katika ziwa lao, alisema Norbert, kuna boti ambazo hazirudi tupu hata siku moja, na boti kama hizo hazikupata bahati yao bure. Mwenye boti aliipa mtu. Mtu wake wa damu: mtoto, mke, ndugu wa tumbo moja. Na boti ikishaonja, kila atakayeichukua itamtaka ailishe.

"Mie sitaki bwato yenye iko na mutu ndani," alisema, macho yake yakiwa kwenye mvua. "Weye hauogopi, Mzee. Ingia, angalia. Ukisema ni safi, nabeba. Ukisema hapana, naacha."

Nilimwambia nitatazama mbao na plagi. Majini yapo, yametajwa katika Kurani, siwezi kuyakana. Lakini jini lenye heshima zake haliketi katika gereji ya Hodge Hill likingoja wateja wa mtandaoni.

Gereji ilikuwa ya mwisho katika safu, mlango umeinuliwa nusu, taa moja inawaka ndani. Junior alibaki garini na joto lake na simu yake. Norbert alinifikisha hadi penye mstari ambapo saruji ya nje inakutana na ya ndani, akasimama hapo. Hakuuvuka. Nikainama, nikaingia peke yangu, kama mtu anayeingia banda la kuku.

Boti ilijaa gereji nzima. Ilikuwa ya faiba, nyeupe, imepandishwa kwenye trela.

Mwanamke alikuwa amekaa ndani yake.

Alikaa kwenye ubao wa katikati, amevaa kitenge na koti zito la baridi juu yake, mikono ameibana katikati ya magoti, kama abiria. Hakuinuka kumsalimu mtu mzima. Nililiona hilo.

Nikamwuliza kama yeye ndiye Mama Sagesse. Akasema ndiye. Nikamwambia kwamba hilo ni jina la mwanawe, na mimi napenda kujua jina la mtu ninayezungumza naye.

"Ile ya mutoto ndiyo ilibaki," akasema.

Nikauliza Sagesse mwenyewe yuko wapi. Alitazama chini, kwenye sakafu ya boti, katikati ya miguu yake.

Sikuendelea. Sikwenda pale kufanya mazungumzo. Nilianza omo, mbele ya boti, nikaenda tezi, nyuma yake, nikigonga kwa kifundo cha kidole, nikisikiliza. Faiba ilikuwa nzima. Haina ufa, haina kiraka, ubao wa kubebea mashine haukuoza. Akasema boti haijawahi kugusa maji tangu itoke kiwandani. Nikaingiza mkono, nikapapasa sakafu yake ya ndani.

Mkono ulitoka umelowa.

Nikaunusa. Dagaa... Si dagaa wa pakiti wanaouzwa Stratford Road. Dagaa waliotoka ziwani sasa hivi, kabla ya chumvi, kabla ya jua. Harufu hiyo niliishi nayo Kisumu nusu ya maisha yangu, siwezi kuifananisha na nyingine. Kwenye kidole gumba kulikuwa na gamba moja, jembamba, linang'aa kama kipande cha kucha.

Nikalifuta kwenye koti. Wauzaji wote ni waongo, nikajiambia. Imevuliwa mahali, labda mto, labda pwani ya Wales. Dagaa hawapo Wales. Nilijua hivyo, nikaliacha lipite.

Ko...

Nikageuka.

Ko... ko...

Unaijua sauti hiyo kama umewahi kulala ndani ya chombo kilichofungwa gatini. Ni maji yanayogonga ubavu. Nikainama, nikatazama chini ya boti. Saruji kavu. Gurudumu la trela. Mkebe wa rangi.

Ko...

Mabomba, nikasema moyoni. Katika nchi hii kila sauti ya ajabu ni mabomba.

Mashine ilikuwa imefungwa nyuma, kwenye ubao mnene uliolazwa juu ya pipa la maji ili ijaribiwe. Ya Kijapani, nguvu za farasi kumi na tano, ya mkono. Hiyo ndiyo mashine ya ziwa. Kubwa zaidi ni za watu wanaopenda kuonekana. Nikafungua kifuniko, nikatazama plagi, nikagusa mafuta ya gia na kuyasugua kati ya vidole. Safi. Nikashika kamba ya kuwashia. Nikakaza ngumi.

Ikawaka.

Nadhani nilivuta. Mtu wa umri wangu huvuta kamba bila kukumbuka kwamba amevuta.

Mlio wa mashine katika chumba kama kile ni wa kuziba masikio. Maji yalichemka ndani ya pipa, moshi ukajaa. Na katikati ya mlio huo mwanamke akasema nami kwa sauti ya chini, nikamsikia kila neno, kana kwamba mdomo wake uko shingoni mwangu.

"Bwato inaenda wapi?"

"Baraka," nikasema.

Akafumba macho, kama mtu aliyetajiwa chakula cha utotoni.

"Na mutatosha nani?"

Hapa naomba msomaji anielewe. Nilisikitika. Nina miaka themanini na zaidi, na kila siku nasikia Kiswahili kikivunjwa miguu katika mji huu. Wakenya wanakikoroga na Kiingereza, Wakongomani wanakipachika Kifaransa na kutupa sarufi yote dirishani. "Mutatosha nani" si sentensi. Nilidhani mama huyu anataka kujua ni watu wangapi watakaotosha kuiendesha boti, na ni akina nani, na hajui namna ya kuuliza. Ni swali la maana. Boti ya ukubwa ule na mashine ya nguvu zile, mtu mmoja mwenye uzoefu hahitaji msaidizi. Nikamjibu polepole, kama unavyomjibu mtoto.

"Mmoja anatosha."

"Mumoja," akasema.

"Mmoja. Norbert."

"Norbert gani?"

Nakiri swali hilo lilinipendeza. Miaka yote hii, huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza jina la pili. Nikamtajia yote, nikiyatenganisha ili asiyaharibu. Norbert. Wilondja. Asukulu.

"Ni wako?"

"Ni kijana wangu," nikasema, kama sisi tunavyosema kwa kila mtu aliye mdogo kwetu.

Mashine ikazimika.

Sikuigusa. Maji kwenye pipa yakatulia papo hapo, kama yamekatazwa. Hata ile ko... ko... ilikoma.

"Tumesikizana," akasema Mama Sagesse. Akashuka kutoka kwenye boti, akapita karibu yangu, na pindo la kitenge chake likanigusa mkono. Lilikuwa linadondosha maji. "Mubebe."

Norbert aliniuliza kwa kichwa kutoka mlangoni. Nikamwambia ni safi. Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeambiwa mtoto wake amepona. Wakamalizana mambo yao yeye na yule mama pale pale kwenye mstari, Junior akarudisha gari nyuma, tukafunga trela, tukapakia mashine, tukaondoka.

Niliwasimulia kisa kile tulipofika Coventry Road, kwa ajili ya kicheko. Nilimwigiza yule mama. Nikasema, huyu ndugu yenu amekaa Uingereza, amefiwa na mume, anauza boti, na bado hawezi kupanga maneno matatu. Eti, mutatosha nani.

Hakuna aliyecheka.

"Simamisha gari, Junior," Norbert akasema.

Junior akaegesha kando, mbele ya duka la mazulia lililofungwa. Akazima injini; wiper tu ziliendelea kwenda na kurudi.

"Alisema namna gani, Mzee? Rudia. Vile vile."

Nikarudia.

"Na weye ukajibu."

"Nilijibu kwa Kiswahili sahihi. Mmoja anatosha."

Norbert aliufunika uso kwa viganja. Vidole vyake vina makovu ya visu na mapezi. Alipozungumza tena alinong'ona, na alikinong'onea kioo cha mbele, si mimi.

"Kwetu kutosha si kutosha, Mzee. Kutosha ni kutoa. Unatosha nguo mwilini. Unatosha feza mufukoni. Unatosha mutu." Akanigeukia. "Alikuuliza, kwa hii bwato, mutatoa nani."

Nami nilikuwa nimetaja jina.

Kamili. Bila kuacha herufi.

Nikasema huo ni upuuzi. Nikasema neno haliwezi kumdhuru mtu kwa sababu tu watu wa Baraka hawakufundishwa sarufi. Nilisema maana ya neno ni ile iliyomo katika kichwa cha msemaji, na katika kichwa changu kutosha ni kutosha. Nilisema mengi. Hoja zilikuwa nzuri, naweza kuzirudia hata leo.

"Iko batu babili banaitwa ile jina mu hii gari," Norbert akanikatiza. "Ulitosha nani?"

Junior aligeuka kutoka kwenye usukani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akisema Kiswahili.

"Baba... anamaanisha mimi?"

Gari lilikuwa limesimama, injini imezimwa. Na huko nyuma yetu, kwenye trela...

Ko... ko...

Norbert aliutazama uso wa mwanawe. Niliyaona macho yale na sikuyapenda, kwa sababu hayakuwa ya mpumbavu. Akasema turudi. Nilitaka kukataa, nikakuta sina sababu niliyoweza kuitamka.

Mlango wa gereji ulikuwa vile vile, nusu. Mama Sagesse alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya nafasi tupu, mikono magotini. Hakushangaa kutuona. Safari hii Norbert aliuvuka mstari. Alipiga magoti kwenye saruji, mtu mzima yule, akaanza kumsihi kwa lugha yao ya Kibembe, kisha kwa Kiswahili. Hakuomba aachiliwe. Nilidhani ataomba hivyo. Aliomba deni liandikwe kwake, si kwa mtoto. Alisema Norbert ni yeye, yule mwingine ni Junior tu, hilo ndilo jina lake, mtaa mzima unamwita hivyo.

Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho.

"Si weye ulisema," akamwambia. "Muzee ndiye alitosha. Muzee aseme ni gani."

Wakanitazama wote wawili.

Basi hapo ndipo nilipofikishwa, mimi Tahlil Sugow Gedi, niliyewahi kuamua kesi za nyavu haramu za wavuvi wa ziwa zima. Nisimame katika banda la gari na kuchagua kati ya mtu na mwanawe. Tena kwa Kiswahili kibovu.

"Sema ni mie, Mzee," Norbert akaninong'oneza kutoka chini. "Sema Norbert mukubwa. Weye hauamini. Kwako ni maneno tu, si ndiyo? Basi sema."

Alikuwa amenishika pabaya. Kama ni upuuzi, kuusema hakuna hasara. Nikafungua mdomo.

Maneno hayakutoka.

Nilijaribu tena. Ulimi ulikuwa mzima, pumzi ilikuwapo. Niliona magoti yake kwenye saruji, na suruali yake ya kanisani, kwa maana alikuwa amevaa vizuri kwenda kununua boti. Sikuweza. Nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonipa njia.

"Sikumtoa mtu," nikamwambia yule mwanamke. "Mtu hutoa kilicho chake. Nilisema ni kijana wangu kwa adabu, na wewe hujui adabu, hata kusimama hukusimama nilipoingia. Huyu si wangu. Na yule garini si wangu. Ni majirani. Si kitu kwangu, baba wala mwana."

Norbert aliinamisha kichwa. Maneno yale yalimfungua, na yalimuuma, nami niliyaona yote mawili.

Mama Sagesse akatafakari. Nje, kwenye trela, ile sauti ilikuwa imenyamaza.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Si bako."

Kisha, kwa mara ya kwanza, akaniangalia machoni.

"Basi batu bako ni banani, muzee?"

Si rahisi kumweleza mtu ambaye si Msomali. Tangu nikiwa mtoto nimefundishwa kuyapanga majina: langu, la baba, la babu, la baba yake babu, kurudi nyuma hadi mzee wa kwanza wa ukoo, na kushuka tena hadi kwa wajukuu. Tukiulizwa watu wetu ni nani, hatufikiri. Tunasema. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kupanda kwenye meno. Herufi ya kwanza ilikuwa tayari.

Nikauuma. Niliuuma hasa, nikaonja damu.

Nikageuka, nikatoka. Sikumngoja Norbert. Sauti yake ilinifuata mvuani, ya upole, kama ya mtu anayekuaga baada ya chai.

"Utasema. Weye unapendaka majina."

Trela tuliiacha pale pale mlangoni na boti yake na mashine yake. Norbert bado anakata samaki. Hajanunua boti nyingine, na sijamsikia akizungumzia Baraka. Tukikutana nje, hunisalimu. Haniiti Mzee tena. Ananiita jirani, na siwezi kumsahihisha.

Naishi na binti yangu, na watoto wake wawili ambao mimi ndiye niliyekuwa nawachukua shuleni kila siku. Majina yao nayajua. Mimi ndiye niliyewapa. Tangu jioni ile sijayatamka. Mwanzoni haikuwa kazi: njoo wewe, kaa huyo, mwambie mwenzako. Nilijiambia kwamba siogopi kitu, kwamba ni tahadhari tu, kama kufunga mlango katika mtaa wa wezi. Lakini binti yangu ana macho. Aliona kwamba baba yake, aliyekuwa akiwasahihisha hata wahubiri wa redio, sasa anamwita "wewe". Akanyamaza wiki kadhaa. Halafu akaanza kunitega. Aliniuliza mezani, akiniita baba kwa Kisomali: huyu nani, Aabo? Nikasema, ni mjukuu wangu. Anaitwa nani? Nikasema, mwulize mwenyewe, ana mdomo.

Alikwenda jikoni. Nilisikia bomba likifunguliwa ili asisikike.

Hivyo ndivyo nilivyopelekwa kliniki ya kumbukumbu. Daktari alikuwa kijana mwenye soksi za rangi. Aliniita Bwana Gedi. Kompyuta yao ilikuwa imeandika kwamba lugha ya Bwana Gedi ni Kiswahili, kwa hiyo akaweka simu katikati ya meza, akafungua spika, akasema mkalimani yuko tayari. Nilimwambia kwa Kiingereza, Kiingereza bora kuliko chake, kwamba simhitaji mkalimani. Akatabasamu. Ndio utaratibu, akasema.

"Jambo, muzee," simu ikasema.

Sauti ya mwanamke. Siwezi kuapa. Wako wengi kutoka nchi ile wanaofanya kazi hiyo, na sauti iliyochoka kwenye simu mbovu hufanana na nyingine yoyote. Mimi ni mtu wa ushahidi. Nasema tu kwamba vinyweleo vya mikono yangu vilisimama, na chumba kilikuwa na joto.

Daktari akasema kwamba tutaanza na jambo jepesi. Je, naweza kumtajia watu ninaoishi nao?

"Daktari anasema," ile sauti ikatafsiri, "tosha majina ya batu bako."

Nikaitazama simu.

Daktari akangoja, akaandika kitu. Akauliza tena, polepole zaidi, kwa ile sauti wanayowatengea wazee na vichaa. Nikamwambia kwamba ninayajua majina hayo na ninakataa kuyasema. Akaandika tena. Binti yangu alikuwa amenikamata mkono. Walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba nikishindwa haitafaa niachwe peke yangu na watoto.

"Aabo, tafadhali," akaninong'oneza. "Nionee huruma. Ni majina tu."

Nilimtazama. Nilitaka kumweleza, na nikaona jinsi nitakavyoonekana nikimweleza. Kisa cha boti, Hodge Hill, neno moja la Kiswahili cha Kongo. Mbele ya kijana mwenye soksi. Nikaona haya. Kwa muda wa haya hiyo, na haukuwa mrefu, nilichelewa.

Binti yangu akainama kwenye simu. Akamwambia mkalimani, kwa Kiswahili kizuri nilichomfundisha mwenyewe, kwamba baba amechoka, atamsaidia aanze. Akayataja. Lake kwanza, kisha ya watoto. Majina matatu matatu, kila moja mahali pake, bila kukosea.

Simu ikauliza.

"Ni bako, mama?"

"Ndiyo," akasema binti yangu. "Ni wangu."

"Aksanti."

Ikakatika. Daktari akasema mtandao wao ni mbaya siku hizi.

Tulipanda basi kurudi. Binti yangu alikuwa mchangamfu, alikuwa ameahidiwa kwamba watanipima tena baada ya miezi. Akaniambia, umeona, si jambo kubwa. Stratford Road ilikuwa imejaa kama kawaida, magari yamebanana kutoka maduka ya nguo hadi msikitini, basi likisogea hatua moja na kusimama. Nikamwuliza leo nani anawachukua shuleni.

"Wanarudi wenyewe, Aabo. Wewe ndiye huwachukua, na wewe uko hapa na mimi."

Nilibonyeza kengele. Dereva hakutaka kufungua, si kituo, akasema. Nikamwambia maneno ambayo sikujua ninayo. Akafungua. Binti yangu aliniita kutoka dirishani, nami nilikuwa nimekwisha kushuka, natembea, halafu sikuwa natembea tena, nilikuwa nakimbia, na fimbo yangu sijui niliiacha wapi.

Shule zilikuwa zimetoka. Njia ilijaa watoto, wote wana makoti yale yale ya bluu, wote wamefunika vichwa kwa sababu ya mvua. Nikavuta pumzi ili niwaite wawili wangu. Majina yalikuwa pale pale mdomoni, yamepangika vizuri, na sikuthubutu kuyatoa.

"Nyinyi!" nikaita. "Nyinyi!"

Wakageuka wengi. Wote walikuwa watoto wa watu wengine.